Gari kuteleza masika ya Dodoma: chuo, kiwanja au kukaa na mzoefu, kipi kitakusaidia?

Mvua zikikaribia huku kwetu, kuanzia Novemba mwishoni hivi, naulizwa swali moja na watu tofauti tofauti, na wengi wao ni hawa waliohamia na ofisi za serikali tangu ile 2016. Mtu ana IST au Passo yake, Dar kaendesha miaka, foleni ya Ubungo haimtishi, ila sasa kituo chake cha kazi kiko Kongwa au Bahi, au kanunua kiwanja kule Nala, na barabara ya vumbi ikilowa anashika usukani viganja vinatoka jasho. Anauliza, nikajifunze wapi haya mambo ya gari kuteleza, nilipie chuo cha udereva, nitafute kiwanja cha wazi nikacheze na gari mwenyewe, au nimpate mtu mzoefu nikae naye? Wengine wanaongeza, kwani video za YouTube hazitoshi?

Mimi naendesha gari la mradi, Land Cruiser mkonga, wilaya za mkoa huu karibu zote na Manyoni kidogo, kwa hiyo ninavyolinganisha hapa ni kwa barabara zetu hizi na mvua zetu hizi. Jibu nalitoa mapema ili asiyependa kusoma marefu aondoke nalo: kama hela na muda vinatosha kitu kimoja tu, kaa na mzoefu kwenye barabara ya kweli siku ya mvua, mwendo wa chini. Kiwanja kinafuata, tena kwa sababu chache maalum. Chuo kitakupa sheria na leseni, kwa habari ya utelezi usikitegemee sana. Video ni za kuangalia jioni nyumbani. Ila kuna watu mpangilio huu kwao unageuka, nao nitawafikia huko chini.

Kwanza tukubaliane unachotaka kujifunza, maana ni vitu viwili na watu wanavichanganya. Kuna kuliwahi gari kabla halijateleza, na kuna kuliokoa likishateleza. Wengi wanaouliza kichwani wana picha ya hiki cha pili, gari limekaa upande, dereva anazungusha usukani huku na huku, gari linanyooka, abiria wanapumua. Kipo, na kinafundishika. Lakini angalia wenzetu wa nchi za barafu. Norwei waliwahi kuwapeleka madereva wapya kwenye uwanja maalum, gari linatelezeshwa makusudi ili wajifunze kuliokoa, wakitegemea ajali zitapungua. Walipokuja kupima miaka ya 1980 wakakuta vijana wa kiume waliopita kwenye hayo mafunzo ndo wanapata ajali za utelezi zaidi. Sababu haihitaji hata shule, kijana kaokoa gari uwanjani mara kadhaa kwa mwendo anaoujua, akitoka pale anaongeza mwendo kwa sababu sasa anajiona fundi. Baadaye nchi za ukanda ule zikabadilisha mafunzo, uwanja ukabaki lakini kazi yake ikawa kumwonyesha dereva anavyoshindwa, ili akirudi barabarani apunguze mapema. Mimi nikilinganisha njia za kujifunza naanzia hapo, ipi itakufanya upunguze mapema na ipi itakuvimbisha kichwa.

Na kupunguza kwenyewe sio maneno ya bango la usalama barabarani, ni hesabu. Ukiwa na 40 kwenye lami kavu na ukashika breki sawasawa gari linataka kama mita 9 kusimama, hapo sijahesabu muda wa wewe kushtuka na kuhamisha mguu. Ukiwa na 80 inakuwa karibu mita 36, mara nne, wakati mwendo umeongeza mara mbili tu. Lami hiyohiyo ikilowa ile 36 inakimbilia 60 na zaidi. Udongo wa mfinyanzi uliolowa, hata na 40 yako ya kistaarabu unaweza kutaka mita 30. Kona nayo hivyohivyo, kona uliyozoea kuikata na 40 ukiiingia na 80 inadai mshiko mara nne.

Huo mshiko unatoka wapi? Sehemu ya tairi inayogusa chini ni kama kiganja cha mkono, viganja vinne kwa gari zima. Hivyo vinne ndo vinasukuma, vinapiga breki na vinakata kona, na mshiko wenyewe ni mmoja unagawanywa kwenye kazi zote. Ukiutumia wote kwenye breki, wa kona haubaki, ndo maana mtu anaingia kona kasi, anaogopa katikati, anakanyaga breki na usukani ameukunja, gari linaenda moja kwa moja porini. Yaani ukielewa hiki tu umeelewa nusu ya habari: breki umalize kabla ya kona gari likiwa limenyooka, ndani ya kona ni usukani na mafuta kidogo basi.

Haya, chuo. Faida yake kubwa ambayo watu hawaitaji ni gari lenyewe, lina breki ya pili upande wa mwalimu, ukipanic yeye anamaliza. Utajifunza alama, sheria, kurudi nyuma, kuondoka mlimani bila kurudi, vitu ambavyo mtu wa mtaani hakufundishi kwa mpangilio. Tatizo ni kwamba ratiba inapangwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani haufanyikii kwenye tope. Chuo kimoja hapa mjini ambacho ndugu yangu alipita, mvua ikianza kunyesha tu wanaambiwa leo hatutoki, gari litachafuka. Sasa hiyo ndo siku uliyokuwa unaihitaji! Kwa hiyo kabla hujalipa waulize hivi: mvua ikinyesha mnatoka au mnafunga? Gari la mafunzo lina ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi kujifunga, na inafanya kazi? Mnafika barabara ya vumbi au mnazungukia Area D na kurudi? Wakijibu vizuri hayo, nenda, sitakuzuia. Kama unataka kubeba abiria hapo habari ni nyingine, kozi za magari ya abiria, kama zile za NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo, Dar, ni sehemu ya njia yako na huwezi kuziruka.

Kiwanja sasa. Nawajua vijana wanaopenda hii kuliko zote, na naelewa, inafurahisha. Eneo wazi pembezoni, mwenye eneo karuhusu, hakuna miti, hakuna mashimo, hakuna watoto wa jirani, mvua imenyesha. Kinachofundishwa pale vizuri kuliko popote ni mguu wako wa breki. Fanya hivi: weka chupa ya maji ya lita moja na nusu pale unapoanza kushika breki, njoo na 30, ukifika kwenye chupa kanyaga, ukisimama shuka uhesabu hatua kutoka kwenye chupa mpaka gari lilipo. Ufanye pakavu, halafu urudie palipolowa. Watu wakishuka kuhesabu wanarudi kwenye gari kimya, maana macho yao yalikuwa yanawadanganya, walidhani wamesimama palepale.

Na hapo ndo utaijua ABS. Kama gari lako linayo na ni nzima, ukikanyaga kwa nguvu pedeli inatetemeka mguuni na kuna sauti ya krrr chini, wengi wakisikia hivyo wanaachia breki wakidhani wameharibu kitu. Usiachie, kanyaga hivyohivyo na uongoze usukani unapotaka kwenda, kazi ya ABS ni hiyo, tairi zisijifunge ili usukani uendelee kusikia. Gari lisilo na ABS, au ambalo taa ya ABS imeganda kwenye dashibodi miaka na fundi kasema haina shida, tairi zikijifunga unaachia kidogo zizunguke, unashika tena taratibu. Miguu miwili tofauti kabisa kwa magari mawili tofauti, na ubaya ni kujifunza mmoja halafu ukaendesha gari lingine. Jambo lingine, kwenye changarawe tupu ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu tairi iliyojifunga inachimba na kukusanya kifusi mbele yake kinachosaidia kuzuia, ABS inakunyima hicho kifusi. Unabaki na usukani lakini unasimama mbali zaidi. Kwa rafu rodi za kwetu hili ni la kujua.

Ubaya wa kiwanja ni ule wa Norwei, mwisho wa siku unajiona unaweza. Halafu kiwanja ni kimoja, udongo mmoja, hakuna lori linalokuja mbele. Na magari marefu kwenda juu kama Noah au Prado usiyatelezeshe ubavu hata kama mwenzako anakuambia twende, tairi ikiingia kwenye mfereji laini ikiwa inakwenda upande, gari linajikwaa na kulala.

Kukaa na mzoefu nimekuweka namba moja, lakini inategemea mzoefu yupi, na hapa ndo watu wanakosea kuchagua. Wanamtafuta anayekimbiza. Mtu aliyefika Singida kwa muda wa ajabu sio mwalimu wako. Mtafute anayeongea mapema, yule ambaye ukikaa pembeni yake anasema hapo mbele pamelowa, achia mafuta, wakati wewe hujaona chochote. Madereva wastaafu wa malori wengi wako hivyo, lori lenye mzigo limewafundisha kuwaza mbali.

Nitoe mfano. Niliwahi kukaa siti ya nyuma, binti mmoja nesi anaendesha Raum, mjomba wake aliyeendesha malori ya masafa kakaa mbele, tumetoka lami tumeingia njia ya mbugani, yaani ya udongo mweusi wa mfinyanzi, upande wa Bahi, mvua imenyesha asubuhi. Binti anaenda na 30, gari limetulia.

"Mjomba, mbona inaenda vizuri tu."

"Inaenda mama, sikatai. Hebu geuza usukani kidogo, kidogo tu, uone kama inakusikia."

Akageuza, gari likaendelea mbele vilevile, usukani umepinda pua imenyooka, halafu baadaye ndo likafuata taratibu.

"Umeona? Hapo ulikuwa abiria kama mimi."

Kiwanjani usingepata hiyo, kwa sababu kiwanjani unajua unakwenda kuteleza. Hapa gari lilikuwa limeshaanza kupoteza mshiko na dereva hajui, na ndo hali ilivyo kabla ya ajali nyingi za utelezi, hamna kelele wala vumbi la sinema. Yule mzee alikuwa ameshaona mambo mawili, alituambia baadaye tukiwa tumesimama. Sauti ya changarawe ikigonga chini ya gari ilikuwa imekatika, maana yake tairi zimevaa udongo, mistari imejaa, unatembelea tope juu ya tope. Na usukani wa binti ulikuwa unachezacheza bila uzito. Usukani ukiwa mwepesi ghafla kuliko dakika iliyopita, hiyo ni taarifa. Nyingine ni injini kupandisha mlio huku mwendo hauongezeki, tairi zinazunguka bure. Nyingine ni kwenye kiti, unahisi makalio yanakwenda upande ambao usukani haujasema. Na kwa magari ya karibuni kuna ile taa ya kigari chenye mistari ya nyoka nyuma yake, ikiwakawaka ina maana mfumo wa kudhibiti utelezi unafanya kazi sasa hivi, wewe umeshateleza na kompyuta inakubeba. Watu wanaiona wanasema taa ya nini hii. Taa ikiganda bila kuzima ni kwamba mfumo umezimwa au una hitilafu. Vigari vidogo vingi vya zamani havina huo mfumo kabisa, kwa hiyo usisubiri taa.

Video zina kazi moja, kukuonyesha kwa nje kitu ambacho ukiwa ndani hukioni, mkia unavyoanza kutoka na tairi za mbele zinavyokwenda. Angalia kwa ajili hiyo. Nyingi zimetengenezwa kwenye theluji au na watu wa mashindano, na mguu haujifunzi kwa macho.

Sasa gari ulilonalo linabadilisha uchaguzi, hapa ndo wale niliosema mpangilio unageuka.

IST, Passo, Vitz, Raum, hizi zinavutwa na tairi za mbele na uzito wa injini uko mbele. Zikizidiwa kinachoteleza kwa kawaida ni mbele, umekunja usukani gari linaenda moja kwa moja. Mtu kwa hofu anazidi kukunja, kosa, tairi iliyokunjwa sana inasukuma tope tu. Achia mafuta, kama ulikuwa kwenye breki punguza, rudisha usukani kidogo kuelekea kunyooka mpaka usikie zimeshika, halafu kata tena. Inahitaji moyo maana unarudisha usukani wakati mfereji unakuangalia. Kwa hizi gari mzoefu anatosha, kwa sababu dawa ni kupunguza mwendo, na hilo linafundishwa barabarani.

Mark X, Crown, Hiace, na pickup isiyo na mzigo ikiwa kwenye tairi mbili, zinasukumwa na nyuma. Ukikanyaga mafuta kwenye kona iliyolowa zinatupa mkia. Hapo achia mafuta taratibu, breki usiguse, macho yaangalie unapotaka kwenda na mikono ifuate macho, yaani mkia ukienda kushoto usukani nao unaelekea kushoto. Na uwe tayari kurudisha haraka, kwa sababu gari likishika linarudisha mkia upande wa pili kwa nguvu kuliko mara ya kwanza, wengi wanaangukia kwenye huo wa pili. Hii huwezi kuijifunza kwa maelezo, na huwezi kumwambia mzee akufundishie kwenye barabara ya Kondoa. Kwa hiyo mwenye Mark X mimi namwambia aanze na kiwanja, mwendo wa chini, asikie mkia unavyoaga kabla haujaondoka, halafu ndo akae na mzoefu. Na kama ni otomatiki usishushe gia kwa ghafla kwenye utelezi, injini ikizuia tairi za nyuma kwa mshtuko ni sawasawa umevuta hendibreki.

Wenye fowili, gari zinazosukumwa na tairi zote nne, mnajidanganya kuliko wote, nasema nikiwa ndani ya mkonga. Fowili inakutoa kwenye tope na kukupandisha mlima. Kusimama haisaidii, gari la fowili na lisilo la fowili yote yana breki nne. Inachofanya ni kukupa ujasiri wa kufika na 70 mahali ambapo IST ingefika na 30, halafu wote mnahitaji kusimama. Ukiona gari limelala mtaroni njia ya mbugani, mara nyingi sio kigari kidogo.

Barabara nazo zina utelezi tofauti na usidhani ukijua mmoja umejua zote. Lami ya mvua ya kwanza ndo inawakamata watu wa mjini. Kuanzia Mei mpaka Novemba hakuna mvua ya maana, lami inakusanya mafuta ya magari, mpira wa tairi na hili vumbi letu jekundu, sasa ile manyunyu ya kwanza inatengeneza uji. Mvua kubwa ikipiga muda mrefu inaosha, ndo maana dakika za mwanzo zinaweza kuwa mbaya kuliko saa moja baadaye. Angalia zaidi kwenye kipilefti, malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Congo kupitia Singida yanapita hapa, yakizunguka na tanki limejaa dizeli inamwagika kidogo kidogo. Ukiona rangi za upinde wa mvua chini, hapo breki uwe umeshamaliza. Bodaboda ongezeni na rangi za zebra, zikilowa zinateleza balaa.

Kuna maji yaliyosimama pia, hasa pale malori yamekwangua lami na kuacha mifereji miwili. Ukiingia na 90 tairi inapanda juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi kabisa, na tairi kipara inapanda mapema zaidi. Usipige breki, usikunje, achia mafuta, shika usukani umenyooka mpaka usikie chini tena. Ndo maana mvua ikinyesha kawaida ya sekunde mbili nyuma ya gari la mbele iwe nne.

Mbuga ndo shule yenyewe. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa hakuna tairi ya mjini inayoshika, na barabara imepewa mgongo katikati ili maji yashuke, basi na wewe unashuka nayo kwenda mtaroni hata ukiwa na 15. Kaa juu ya mgongo kama hakuna anayekuja, gia ya pili, mafuta sawasawa, usisimame usiongeze. Ila ukweli ni kwamba mbinu bora ya mbuga ni chai. Subiri, jua la Dodoma likipiga masaa mawili matatu njia inakuwa nyingine. Wenyeji wanasubiri, wanaolazimisha ni sisi wa magari ya ofisi wenye ratiba.

Mchanga wa kule Mvumi unakuzamisha zaidi kuliko kukutelezesha, habari yake nyingine. Changarawe kavu watu wanaidharau kwa sababu haina maji, kumbe vile vijiwe vya juu vinazunguka chini ya tairi, na pale barabara imekunjamana tairi inarukaruka haigusi chini muda wote, ukiwa kwenye kona ndo unaona gari linasogea lenyewe pembeni. Miteremko kama Nyang'oro ukitokea Iringa kwenda Mtera, au Sekenke ukivuka Singida, ushuke kwa gia ya chini tangu juu, usianze kuitafuta katikati.

Na kabla hujalipa mtu yeyote, angalia tairi. Hela ya kozi kwenye gari lenye tairi kipara umeitupa. Ndani ya mistari kuna vinundu vidogo, tairi ikiisha mpaka usawa wa vile vinundu imebaki milimita 1.6, kwa mvua mimi sifiki huko, ikikaribia 3 natafuta nyingine. Za mtumba ndo tatizo, mistari imejaa inapendeza lakini mpira umekuwa mgumu kwa umri na jua, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho baada ya DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo fuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka, 220 pale ni kama 32 kwenye geji ya mtaani.

Kwa hiyo kama bado huna leseni, chuo, tena kile kinachotoka mvuani. Una leseni na kigari cha kuvuta mbele na unaishia Kongwa, Mpwapwa au Bahi kikazi, mzoefu, umlipe mafuta na chakula na mkubaliane kabisa kazi yake ni kuongea kabla, sio kukusifia. Una Mark X au unaanza kuendesha Hiace, kiwanja kwanza kisha mzoefu. Una fowili na hujawahi kuhesabu hatua kutoka kwenye ile chupa, kiwanja, na uende peke yako ili usione aibu. Unaishia Mtumba kwenye mji wa serikali na kurudi Ilazo kwa lami tupu, badilisha tairi, acha nafasi ya sekunde nne, hela ya kozi fanyia mengine.

Ila usichelewe kupanga. Mvua zetu zinashika Desemba mpaka Machi, Aprili zinaaga, sasa kuna watu wananipigia Juni wanataka kukaa na mzoefu, mzoefu yupo, tope ndo hamna.